Mikono ya Mama Vailet

Mwalimu Egidius alijifunza kufuma vitambaa akiwa na miaka sitini na moja, na hakuna aliyejua isipokuwa mkewe. Kwa mwanamume wa Dongobesh, tena mwalimu mkuu mstaafu, kuonekana na bonge la uzi mapajani halikuwa jambo la kutangaza. Lakini Natalia alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilianza kuvimba, kisha vidole, na oda za watu zilikuwa hazijaisha. Kwanza Mwalimu alimshikia uzi tu. Halafu akafundishwa kumalizia pindo, kwa kuwa pindo ni kurudia hatua ileile mpaka mwisho. Baadaye, Natalia akiwa ameegemea mito na kumsahihisha kwa sauti ya chini, akafuma kitambaa kizima cha kochi, kikatumwa kwa mteja, na mteja hakuona tofauti. Siku hiyo Natalia alicheka mpaka akakohoa.

Nyumba yao ipo Bagara, mjini Babati. Waliijenga miaka ile Manyara ilipokatwa kutoka Arusha na Babati ikajikuta makao makuu ya mkoa, na kila mwenye kiwanja alikuwa akipandisha tofali. Walikuwa na mtoto mmoja aliye hai, Vailet, muuguzi huko Mwanza. Krismasi moja Vailet alimletea mama yake simu ya tachi, akamfungulia ukurasa Facebook na mwingine Instagram, zote mbili akazipa jina la Vitambaa vya Mama Vailet. Natalia alikuwa akiisimamisha simu kwenye kopo la sukari, anajirekodi mikono yake ikifuma, kisha anasahau kuzirusha zile video. Wafuasi wake walikuwa kama mia mbili: akina mama wa jumuiya, ndugu wa Mbulu, na wateja wachache wa Singida na Arusha waliovutwa na hao ndugu.

Natalia alifariki mwezi wa tatu, katikati ya Kwaresima. Walimzika Dongobesh, kwenye baridi ya kwao. Vailet alikaa wiki mbili, akafua mapazia, akagawa nguo za mama yake, akarudi kazini. Matanga yalianuliwa, watu wakatawanyika, na Mwalimu akabaki na nyumba ya vyumba vinne na saa ya ukutani ambayo hakuwahi kujua kwamba inapiga kelele namna ile.

Asubuhi moja simu ya marehemu ililia mezani. Ulikuwa ujumbe wa mteja wa Singida: Mama shikamoo, vile vitambaa vyangu vimefikia wapi?

Mwalimu alikaa kitako amwandikie habari za msiba. Alijua namna ya kuziandika, kwa kuwa alikwisha kuwaandikia watu wengi wiki zile. Badala yake akaandika: Marahaba mwanangu. Vumilia kidogo, wiki ijayo nitakutumia. Alipoyasoma maneno yale aliona kuwa yalikuwa ya Natalia kabisa, mpaka lile neno mwanangu ambalo yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kumwambia mtu. Hakukusudia. Lakini hakuyafuta. Aliingia chumbani, akatoa kapu la nyuzi, akavimalizia vitambaa vya mwanamke yule, akavipeleka stendi vikapanda basi.

Basi ikawa hivyo. Kila siku alikuwapo mtu wa kumwamkia Natalia, na madamu kuna anayemwamkia, Mwalimu aliona si vizuri salamu ikose wa kuiitikia.

Kazi ile aliishika kama alivyokuwa akishika darasa. Alinunua daftari, akawa anaandika video ipi imerushwa siku gani na saa ngapi, na watu wangapi wameitazama. Aligundua kwamba asubuhi kabla ya watu kwenda kazini video hutazamwa zaidi kuliko mchana. Aligundua pia kwamba video isiyo na muziki, yenye mlio wa mvua kwenye bati na mikono inayokwenda taratibu, watu huitazama mpaka mwisho na kuwatumia wenzao. Zaidi ya yote, aligundua kuwa kinacholeta watu ni kufundisha. Mtu akiuliza ni uzi gani, au nyota ya katikati inaanzaje, alimjibu hatua kwa hatua, pasipo haraka na pasipo kumwambia anunue. Aliingia kwenye makundi ya akina mama wapenda mapambo ya nyumba, akawa anajibu maswali huko vilevile, na waliojibiwa walimfuata wenyewe hadi kwenye ukurasa. Vailet aliwahi kusema kuna namna ya kulipia tangazo likawafikia watu wengi kwa siku moja. Mwalimu hakutaka. Si ubahili. Aliogopa wasije wakamwomba jina na picha.

Wale mia mbili wakawa elfu mbili, elfu mbili wakawa elfu tisa. Wote walimwita Mama.

Video zenyewe zilikuwa hamsini na tatu, zile alizorekodi Natalia na kuzisahau. Mwalimu alirusha moja kila Jumanne, wala hakuzidisha. Siku hiyo aliamka mapema, akaichagua, akaitazama mara moja kabla ya kuiachia iende kwa watu. Siku nyingine za wiki alirusha picha za vitambaa vilivyokamilika, vilivyotandikwa juu ya makochi yao. Vitambaa hivyo alivifuma yeye, mlango ukiwa umerudishiwa. Jirani akipiga hodi, kapu lilisukumwa chini ya meza. Mzee Theodori, waliyefundisha naye shule ya Sigino, alikuwa akipita na kumkuta amekaa bure, mikono magotini, akaenda kuwaambia watu kwamba Egidius sasa anadhoofika kwa upweke. Kwa upande wa upweke hakukosea.

Mwezi wa tano Vailet alipiga simu mchana, saa ya kazi.

"Baba, nimeona mikono ya Mama," alisema. "Nimeiona wodini, kwenye simu ya mwenzangu. Ananionyesha ukurasa mzuri wa vitambaa."

Mwalimu akamwambia kulikuwa na watu walioagiza.

"Wanaamini ni yeye."

"Najua."

Vailet hakumkataza. Aliuliza kama anakula vizuri, akasema mgonjwa anamwita. Tangu siku ile simu zake zilikuja Jumapili kwa Jumapili kama kawaida, ila zikawa fupi, na habari za vitambaa hakuzigusa tena.

Kati ya wateja alikuwapo dada mmoja wa Mafinga aliyeitwa Sijaona. Alianza kwa kuagiza vitambaa vya harusi yake. Harusi ikapita, yeye akabaki. Alikuwa akituma ujumbe wa sauti, dakika tatu, dakika nne, akimweleza Mama habari za mkwe wake mkali, za bustani yake ya kabichi, za ukungu usioondoka hadi saa nne asubuhi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, alisema, na hajui kwa nini anamsumbua mama wa watu. Mwalimu alimsikiliza akiwa ametulia kitini, kisha akamjibu kwa maandishi. Sauti asingeweza. Sijaona alipomwomba walau amsikie siku moja, alimwandikia kwamba kifua kinambana, na kwa kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa Natalia kweli, uongo ule haukumchoma sana.

Sijaona alipata mimba, akaagiza blanketi la mtoto, rangi ya maziwa. Mwalimu alilifuma kwa wiki tano. Lilikuwa karibu kwisha pale ujumbe wa Sijaona ulipokuja, safari hii kwa maandishi, mistari miwili: mtoto alizaliwa Alhamisi, Jumamosi hakuwa nao tena. Blanketi asitume.

Mwalimu aliiweka simu chini. Mwaka wa sabini na tisa, yeye na Natalia walimzika mtoto wao wa kwanza, Marcelino, akiwa na siku kumi na moja. Walimzika asubuhi, na kesho yake Mwalimu alikuwa ubaoni akifundisha hesabu za sehemu. Alidhani huo ndio uanaume. Natalia alilia peke yake mwezi mzima, na katika ndoa ya miaka arobaini hawakuwahi kulitaja jina lile wakiwa wamekaa pamoja. Sasa aliichukua simu ya mkewe na kumwandikia mtu asiyemjua: Sisi wetu alikuwa na siku kumi na moja. Lia mwanangu, usijizuie, na mumeo naye mwache alie. Mtu akikuambia utapata mwingine, usimjibu. Huyu ndiye uliyempoteza.

Aliandika mengine mengi. Alipomaliza, jua lilikuwa limekwisha kuhama upande wa pili wa chumba, na kola ya shati lake ilikuwa imelowa.

Kisha video zikaisha. Ilibaki moja ambayo hakuweza kuirusha, maana katikati yake Natalia anaacha kufuma na kuuliza kama maharage yametiwa chumvi, na sauti ya Mwalimu inamjibu kutoka jikoni. Jumanne ya kwanza hakurusha kitu. Jumanne ya pili watu wakaanza kuuliza Mama yuko wapi, anaumwa? Jumanne ya tatu aliisimamisha simu mezani, akarekodi mikono yake mwenyewe. Ilikuwa mikono mipana, mishipa nje, ukucha wa dole gumba umekufa kwa jembe. Ilifuma nyota ileile, kwa mwendo uleule. Akairusha kabla hajapata muda wa kufikiri.

Wa kwanza kuandika alicheka: leo Mama kamwachia Baba kazi. Wa pili akauliza, wa tatu akauliza. Mwalimu akaandika chini ya video kwamba yeye ni Egidius, mume wake. Kwamba Mama Vailet alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Kwamba vitambaa vyote tangu hapo amevifuma yeye, na mikono waliyokuwa wakiiona ni ya marehemu, na anaomba radhi.

Kile alichokitafuta kwa daftari na subira kikaja kwa siku nne. Watu waliisambaza video ile mpaka simu ikawa inapata moto. Ukurasa mmoja wa Dar es Salaam uliichukua, ukaitia wimbo wa huzuni, na wimbo ukafunika mlio wa uzi. Wafuasi wakapita elfu thelathini. Wengine walimwita tapeli, lakini walikuwa wachache na walijibiwa na wenzao. Waliobaki walimpa pole, maelfu ya pole, kutoka miji ambayo hajawahi kufika. Mwalimu alijaribu kumjibu kila mmoja. Siku ya pili aliacha. Kwenye mazishi ya Dongobesh watu walikuja na kuni na maziwa, wakakaa. Hawa walipita kama watu wanaopita mbele ya duka.

Vailet alituma ujumbe mmoja tu, Baba nimeona, na wala hakusema ameonaje. Mzee Theodori alikuja mwenyewe, akaangalia kapu ambalo halikufichwa tena, akasema kumbe. Wakanywa chai. Hakuuliza lolote, na Mwalimu alimshukuru kimoyomoyo, ingawa angependa aulizwe.

Sijaona alikaa kimya siku sita. Siku ya saba aliandika.

"Mwalimu shikamoo. Nina swali moja. Siku ile niliyokuambia mtoto hayupo, aliyeniandikia nilie alikuwa nani?"

Mwalimu alifuta majibu mawili kabla ya lile alilolituma.

"Ni mimi. Na yule wa siku kumi na moja alikuwa mwanangu pia."

Alama mbili za ujumbe zikageuka bluu; ameusoma. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Jibu halikuja siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alitaka kumweleza kwamba katika maneno yote aliyoyaandika kwa jina la Natalia, yale hayakuwa ya Natalia. Kwamba hata Natalia mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Lakini alijua huo si mzigo wa kumtwisha mtu wa Mafinga aliye na msiba wake.

Oda zilimzidi. Ilibidi aandike kwenye ukurasa kwamba atakayeagiza leo atapata baada ya miezi miwili, na watu wakakubali kungoja. Alifuma mchana kutwa barazani sasa, mlango wazi, Mlima Kwaraa mbele yake ukiwa umejivika mawingu. Wapitao njia ya Bonga walimsalimia kwa mbali. Akina mama wa jumuiya walimwomba awafundishe mabinti zao baada ya ibada, akakubali, wakaja mara tatu, kisha kilimo kikaanza.

Mwezi wa kumi na moja Sijaona aliandika tena. Alimwamkia, akasema anahitaji vitambaa sita vya makochi, vyeupe, pindo la kawaida, na kama inawezekana viwahi kabla ya sikukuu. Hakukuwa na sauti, wala habari za kabichi. Mwalimu aliitikia marahaba, akaviweka mbele ya oda zote. Alivifuma kwa uzi bora aliokuwa nao, akavifua, akavipiga pasi, akavipeleka stendi asubuhi na mapema na kumwelekeza kondakta mara mbili jina la mpokeaji.

Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia.

"Vimefika Mwalimu. Ni vizuri sana. Asante."

Alianza kumuuliza kama afya yake ni njema. Akafuta. Akaanza kumwambia kwamba Babati nako mvua imeanza. Akafuta hilo nalo. Mwishowe akaandika kile ambacho maduka yote huandika, karibu tena, akakitazama kikienda, kisha akavuta uzi na kuanza kitambaa cha mtu wa Tabora.