Kikombe cha Tano

Hata leo nikiukumbuka ule mchana wa Ijumaa pale Ruwi, hapa Maskati, damu hunichemka. Tulitoka watu watano: mama yangu, mdogo wangu wa kiume, mkewe, mimi, na dada wa kazi anayemtunza mama. Mama anaishi kwa mdogo wangu, mtaa wa Darsait, tangu alipopata kiharusi. Dada huyu, mtu wa Morogoro, ndiye anayemwamsha, anayemwogesha, anayempa dawa kwa saa zake, na anayemsikiliza akirudia hadithi za Unguja ambazo sisi wanawe tumechoka kuzisikia. Mimi nakaa Sib, nafika mara moja kwa wiki na mfuko wa matunda. Nalisema hilo mapema nisije nikajifanya bora kuliko nilivyo.

Siku hiyo dada alikuwa na furaha. Binti yake anamaliza kidato cha nne, mahafali yalikuwa yanakaribia, naye alikuwa hajamtia machoni kwa miaka minne. Mdogo wangu alishamkubalia ijaza, yaani likizo ya kwenda kwao, na tiketi ilikuwa ikatwe Jumapili. Ndani ya gari alinionyesha kwenye simu kitambaa ambacho binti amechagua kushonewa. Cha kijani. Aliniuliza mara mbili kama kinapendeza.

Mkahawa wenyewe ni wa Kikantoni, mdogo, umebanwa kati ya duka la simu na fundi cherehani. Cheti cha halali kimebandikwa mlangoni, mabata ya kuchoma yananing'inia nyuma ya kioo, na meza ni za duara, kila moja na kioo chake cha kuzunguka katikati ili mtu avute sahani iliyo mbali naye. Mama alipapenda tangu mara ya kwanza. Alisema Wachina hawa wana akili, wamelifanya sinia litembee. Nyumbani kwake Unguja watu wote walikula sinia moja, mwenye nyumba na aliyekuja kufua, na hilo husimulia kwa kila mgeni.

Mwenye mkahawa ni mwanamke wa makamo asiyejua Kiswahili, na Kiarabu chake kinaishia kwenye bei. Haulizi mko wangapi. Huhesabu vichwa vinavyoingia mlangoni, akapanga vikombe na mabakuli, akamimina chai hata kabla hamjakaa vizuri. Akatupangia vitano. Wifi yangu akakichukua kikombe cha tano, chai imo ndani inatoka moshi, akakisukuma pamoja na bakuli lake mpaka ukingoni mwa meza.

"Sisi wanne," akasema, akimwonyesha vidole. Kisha akamgeukia dada. "Wewe kaa pale kwenye kiti cha ukutani. Mama akitaka kwenda msalani ntakwita."

Dada akaenda akakaa, mkoba wa mama mapajani. Mwenye mkahawa alibaki amesimama na birika, akikitazama kikombe, akimtazama dada. Nilimwonea haya mwanamke yule. Sisi ndio tunaojisifu ustaarabu mchana na usiku, tunaojua nani aingie mlangoni kwanza na nani apakuliwe kwanza, na mgeni wa Kikantoni alikuwa amemhesabu mtu ambaye sisi hatukumhesabu.

Chakula kikaja. Samaki wa mvuke na tangawizi, vifurushi vya unga laini vyenye kamba wa baharini, mboga za kitunguu saumu, wali. Mama, ambaye mkono wake wa kulia hauna nguvu, akawa anahangaika na kijiko.

"Mwiteni mwenzangu aje ale," akasema. "Wali unapoa."

"Keshakula nyumbani, mama," wifi akamjibu. "Na kitakachobaki tutamfungia."

Kitakachobaki. Nikamtazama mdogo wangu nikitegemea atasema neno, maana naye alilelewa kwenye sinia lilelile. Akawa anachambua miba ya samaki, moja moja, macho kwenye sahani. Mori ukanipanda. Nikasimama, nikavuta kiti, nikamshika dada mkono nikamketisha kati yangu na mama. Alikuwa akininong'oneza, "Dada, acha, tafadhali." Nilimsikia vizuri. Sikuacha.

"Mama yenu hamumwogeshi nyie, anaogeshwa na huyu," nikasema, na sauti yangu si ndogo. "Mikono yake chooni haikutieni kinyaa, mezani ndio inakutieni?"

Meza ya pili walikaa watu wetu, majirani wa mdogo wangu kule Darsait, na Maskati hii mwenye siri haisemi kwa Kiswahili. Bibi yao akashusha kijiko. Wifi yangu akainamisha kichwa. Nilifurahi, sitasema uongo, na samaki yule nilimla kwa raha zangu. Mama alimpakulia dada kwa mkono wa kushoto, wali ukimwagika. Dada alikula vijiko vitatu, kichwa chini.

Jumanne nilipofika Darsait na matunda yangu, nilimkuta dada anaanika nguo. Akaniambia ijaza imeahirishwa mpaka baada ya Ramadhani. Wifi hakugomba wala hakunitaja. Alisema tu kwamba hali ya mama hairuhusu abaki bila mtu. Mahafali yalikuwa siku tisa mbele.

Nikasema naingia ndani sasa hivi nikamwambie mbele ya mumewe. Dada akanishika mkono, akanibana hasa.

"Usiingie. Kile kiti cha ukutani nimekikalia miaka, hakijaniua. Wewe ukishasema unarudi kwako Sib. Mimi nalala humu." Akatazama dirisha la jikoni. "Ukitaka kunisaidia, mpigie madamu umwombe msamaha."

"Kwa kosa lipi?"

"Lolote atakalolitaka."

Hasira hasara, nimeambiwa hivyo tangu utoto, na siku zote nilidhani hasara ni ya mwenye hasira. Nikarudi garini. Nilikaa na simu mkononi mpaka jasho likanitiririka, maana kosa sikulifanya, na mwenye kosa alikuwa ndani kwenye kiyoyozi, hatua ishirini kutoka nilipo. Nikampigia.

"Nimekosa, wifi yangu," nikamwambia. "Niwie radhi."

Akaniuliza, kwa upole kabisa, nimekosa nini khasa. Nikajua hataridhika mpaka nitaje, nikataja: nilimketisha mtumishi wako mezani bila idhini yako.

Tiketi ilikatwa kesho yake asubuhi.