Mguu wa Baba na Gari Lisilotengenezwa Tena

Baba yangu anaweza kuinua mguu wa kulia inchi kumi na nne. Wa kushoto haufiki hata kumi na moja. Najua kwa sababu nilimpima mwenyewe kwenye ngazi za baraza la nyumba yake kule Marangu, kwa futi ileile ninayopimia suruali za wateja wangu mjini Moshi. Alishika nguzo ya baraza, akaniuliza kama namshonea suti ya kuzikiwa. Nikamwambia namtafutia gari. Akasema gari halivaliwi, lakini mguu akauinua.

Hiyo ndiyo hesabu niliyoondoka nayo. Watu wengine wakitafuta gari la mkononi huuliza linakula mafuta kiasi gani, au limetembea kilomita ngapi. Mimi nilitaka gari ambalo sakafu yake haizidi inchi kumi na nne kutoka chini, lenye mlango mpana wa kumwezesha mzee wa miaka themanini na kitu kuingia mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Hasa hilo la mwisho, la kutoshikwa.

Miezi minane kabla ya hapo, Jumapili moja baada ya ibada, jamaa wa kanisani alijitolea kumrudisha baba nyumbani kwa gari lake, moja ya yale marefu ya kupandia porini. Magoti ya baba yalikuwa yameshachoka. Alijaribu kupanda mara mbili, mguu ukagoma njiani. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake. Huyu mdogo wangu kazi yake ni mlima. Alianza kama mpagazi, sasa anaongoza wageni, na hajui tena idadi ya watu aliowabeba kuwashusha baada ya kuzidiwa na hewa nyembamba kule juu. Kwa hiyo hakufikiri. Alipitisha mkono mmoja chini ya magoti ya baba na mwingine mgongoni, akamnyanyua, akamweka kitini.

Sasa, kwetu baada ya ibada kuna mnada. Wasio na fedha hutoa sadaka ya mazao, na mazao hunadiwa pale nje, mbele ya usharika mzima. Wakati ule ule mwenye kunadi alikuwa ameinua mkungu wa ndizi juu ili wa nyuma nao wauone. Mkungu uko juu, na baba yangu yuko juu. Mtu mmoja akauliza huyu mzee anaanzia bei gani. Watu wakacheka, na sidhani kama walikuwa na ubaya wowote.

Walipofika nyumbani baba alikataa mikono yote, akajiburuza kwa makalio mpaka ukingo wa kiti, akajidondosha, nusura aanguke. Ndipo akamwambia mdogo wangu, "Mimi si mzigo wa kupandisha mlimani." Tangu siku hiyo hakuvuka geti. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, lakini sasa mchungaji ndiye aliyemfuata na chakula cha Bwana pale barazani.

Mdogo wangu alikwenda kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Alibeba jani la isale, akaongozana na mzee mmoja wa ukoo. Kwetu jani la isale halikataliwi, hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba. Baba alilipokea, akalichomeka juu ya mlango, wakanywa mbege, wakala. Nilidhani yameisha. Jumapili iliyofuata nilipanda kumwangalia nikamkuta barazani amevaa koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa, anasikiliza kengele.

"Si ulishamsamehe?" nikamuuliza.

"Nimemsamehe. Lakini kwenda siendi."

Nilikuwa na hasira nao wote wawili, mmoja kwa nguvu zake na mwingine kwa kiburi chake. Na nilikuwa na hofu. Mama yetu tulimzika pale pale kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na niliona wazi kwamba baba ameanza kuishi kati ya baraza na kaburi lile, basi.

Nilianza kutafuta. Magari madogo yako chini sawasawa, lakini mtu wa magoti mabovu akishatumbukia humo kumtoa ni kazi nyingine. Marefu niliyafuta. Halafu siku moja mteja wangu alikuja kupima gauni akiwa na gari la familia, la viti saba, lile la Kijapani lenye milango ya pembeni inayoteleza kwenda nyuma. Nilitoka na futi yangu nikalipima gari kabla ya kumpima yeye. Sakafu, inchi kumi na tatu na nusu. Unaingia kama unaingia sebuleni.

Kila niliyemwambia alinicheka. Kiwanda kimeacha kutengeneza gari la aina ile, wakasema, hawakuleta hata la kurithi nafasi yake. Fundi wangu wa magari wa Kiboriloni, mtu mzima mwenye maneno machache, alisema kwa upole zaidi.

"Mama, gari lenyewe ni zuri. Ila ni yatima. Likiumwa hakuna wa kulipeleka. Spea unangoja mwenzake afe ndiyo umvue."

"Na likiwa zima?"

"Likiwa zima ni gari kama gari."

Ilipita miezi miwili ndipo akanipigia. Kuna mama mmoja mstaafu wa Sanya Juu anauza la kwake, amelileta pale gereji. Nilifunga cherehani nikaenda. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba magotini. Tulisalimiana kwa kirefu, za nyumbani, za mifugo, za mvua, kabla hata ya kulitazama gari. Alisema lilikuwa la kupeleka wajukuu shule, na siku za soko lilibeba kabichi.

Fundi kwanza aliweka kiganja juu ya boneti, kuona kama mwenye gari amewasha injini mapema kuficha ubovu wa asubuhi. Ilikuwa ya baridi. Akanusa oili. Akaliwasha, akaenda kusimama nyuma kutazama moshi, akazima, akaliwasha tena. Akaingia chini na tochi, akawa anagonga kitu kimoja kimoja na kunisomea majibu kutoka huko: bushi mbili zimekwisha, shokapu moja inavuja, bodi haina kutu ya kutisha. Gia boksi alilisifu, na fundi huyu hasifu kitu. Mimi nilipima sakafu. Kumi na tatu na nusu, kamili. Kwenye reli ya kiti cha nyuma nilikuta jani la kabichi limekauka kama karatasi, nikaona mama wa watu hasemi uongo.

Kasoro ilikuwa moja. Mlango wa pembeni wa kulia haukufunguka. Fundi aliuvuta kutoka nje, akausukuma kutoka ndani, akafungua kava akatazama, akarudisha.

"Huu umekufa. Waya wake na mota yake havitengenezwi tena. Na hata kwenye magari yaliyokufa, kitu cha kwanza kufa ni hicho hicho."

"Sisi tulishazoea," yule mama alisema. "Kila mtu anapandia kushoto."

Hapo nikasema sentensi ambayo mdogo wangu hunikumbusha mpaka leo. Nilisema, tena kwa kujiamini, "Baba yangu ni mmoja. Mlango mmoja unamtosha."

Tulikubaliana nilijaribu mpaka Marangu kabla sijaamua. Mama wa Sanya Juu alimwamini fundi, akasema atasubiri palepale kwenye benchi. Mdogo wangu ndiye alikuja kuendesha, maana siku hiyo hakuwa na wageni, na fundi akakaa mbele kusikiliza injini. Ilikuwa Jumamosi. Kutoka Himo kupanda, gari halikulalamika. Fundi alitikisa kichwa mara moja tu, kwenye kona ya mwisho, kwa kuridhika. Mdogo wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama siku ya kwanza ya kujifunza.

Sasa nieleze njia ya kwetu. Kutoka barabara kuu unaingia kihambani kwa kijia kinachokwenda ubavuni mwa mteremko, kama hatua sitini. Upande wa juu kuna ukingo wa udongo wenye kahawa. Upande wa chini, ukiambaa na njia mwanzo hadi mwisho, kuna mfongo, ule mfereji wa wazee wa kuleta maji ya mlima mashambani. Kijia kinaishia uani, na uani ndipo kuna kaburi la mama limezungushiwa isale, kwa hiyo hakuna nafasi ya kugeuza. Kila gari huingia kwa pua na kutoka kinyumenyume. Tuliingia kwa pua.

Baba, niliyekuwa nimempigia simu asubuhi, alikuwa tayari amesimama barazani, koti la kanisani, kofia, fimbo. Nilimwamkia, nikateremka kwa mbwembwe, nikauvuta mlango wa kushoto. Ulifunguka vizuri kabisa, juu ya mfongo.

Nilipima, sijui kwa nini, maana macho yaliona. Kutoka pale ambapo mtu angeweka mguu mpaka sakafuni ilikuwa inchi ishirini na tatu. Nimezaliwa pale. Nimechota maji kwenye mfereji ule, nimechapwa kwa kuuziba nikicheza. Halafu nilikaa mjini miaka yote hii nikipima watu kwenye saruji, mpaka nikapima gari la mlimani kwenye sakafu ya gereji ya Kiboriloni. Upande wa kulia, ambako ukingo wa kahawa umenyanyua ardhi vizuri kama ngazi, kulikuwa na mlango uliokufa.

Nilimwona mdogo wangu akipiga hatua moja kumwelekea baba, mikono imeshatangulia, ile mikono yake ya kazi. Akajishtukia. Akairudisha nyuma ya mgongo akaifungia huko. Baba naye aliiona.

"Naweza kukata kahawa hizi mbili," mdogo wangu alisema, akitazama chini. "Tupate pa kugeuzia."

Baba aliliangalia gari, akaangalia kijia, akaangalia gari tena. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemvalisha koti mzee wangu nikamletea aibu ya pili, safari hii nyumbani kwake.

"Hili gari," baba alisema mwishowe, "kwani halina gia ya kurudi nyuma?"

Fundi akasema inayo.

"Basi litoeni mpaka barabarani. Mliingize kinyumenyume."

Zamani, kabla sisi hatujajua kusoma, baba alikuwa dereva wa lori la kukusanya kahawa. Tulijua hivyo kama watoto wanavyojua mambo ya wazazi wao, yaani hatukujua. Alitembea na fimbo yake mpaka katikati ya uwanja, akasimama mahali ambapo kioo cha gari kingemwona. Mdogo wangu akatoka hadi barabarani, akageuza, akaanza kurudi.

"Njoo. Njoo. Kata kwangu. Nyoosha. Nani amekuambia ukate tena? Nenda mbele, anza upya."

Alianza upya mara tatu. Mara moja tairi la nyuma lilionja ukingo wa mfongo na fundi akafumba macho. Mtu aliyeshusha wageni gizani kutoka kwenye barafu alikuwa anatokwa jasho kwenye hatua sitini za nyumbani kwao. Baba alimkaripia njia nzima, na ile sauti sikuwa nimeisikia kwa karibu mwaka mzima. Sikutaka walifikishe haraka.

Gari liliposimama, mlango wa kushoto ulikuwa umetazama ukingo wa kahawa. Nilipima inchi tisa. Hata mguu wake mbovu ungeruka.

"Geukeni," baba alisema.

Tukageuka. Watu wazima watatu tukasimama tunatazama migomba kama tunataka kuinunua. Nyuma yetu nilisikia fimbo ikigonga bati, kisha pumzi, kisha kitu kikikwaruza. Pumzi tena, ndefu. Mdogo wangu alikuwa ameng'ata mdomo wake wa chini. Nilimshika mkono, si kwa upendo tu, nilitaka pia kuhakikisha hageuki. Halafu springi za kiti zikalia, na fimbo ikawekwa sakafuni.

"Wewe," baba alisema kwa Kichagga, na sote tulijua anamwita nani. "Njoo unifungie mlango."

Mkono wake ulikuwa unaufikia mlango ule. Angeweza kuufunga mwenyewe. Mdogo wangu alikwenda akauvuta kwa mikono miwili, polepole, mpaka ukashika. Kisha akazunguka akaketi kwenye usukani, asiwashe gari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na fundi, aliyekuwa amesharudi kiti cha mbele, kwa adabu akafungua dirisha akaanza kuchunguza kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Baba alimwacha kidogo. Kisha akamgusa begani kwa ncha ya fimbo.

"Kesho kule kanisani uegeshe upande wa juu," alisema. "Nataka kununua ndizi."