Herufi mbili za penseli zilivyonifanya niharibu kazi ya mke wangu (Lushoto)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni.

Huwa nasoma tu humu na kupita kimya, lakini hili limenikaa kifuani muda mrefu. Nitalisimulia lilivyo, hata pale linaponiaibisha. Majina nimebadilisha, ila herufi za mwanzo za jina la mtu mmoja nimeziacha kama zilivyo. Mtaona kwa nini.

Mimi ni mtu wa huku Lushoto, naishi njia ya kwenda Gare. Nanunua karoti, kabichi na matunda kwa wakulima na kuyashusha Mombo. Natoka alfajiri na kurudi alasiri, nimechoka na nanuka viroba.

Mke wangu, mama Sauda, ni mchoraji. Nilipomuoa alikuwa anachora picha za vitabu vya watoto. Mtu anamletea hadithi, yeye anachora sungura, bibi, kisima, anatuma. Baadaye akahudhuria mafunzo ya wiki mbili pale mjini, akarudi na kitu kipya kabisa: kuchapa picha kwa mkono.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilichelewa kujua.

Kuna kitu kinaitwa lino. Ni laini kama raba ya kufutia, kipana kama karatasi ya kalenda. Mchoraji anachora juu yake, halafu anachonga kwa patasi ndogo ndogo. Anapochonga patabaki peupe, anapoacha ndipo patashika wino. Na anachonga kinyume, kushoto iwe kulia, kwa sababu picha inageuka ikichapwa.

Akimaliza anapaka wino kwa rola, analaza karatasi juu, anaweka kwenye mashine ya kugandamiza. Akiinua karatasi, picha hiyo hapo. Anaitundika kwenye kamba kwa vibanio, kama nguo.

Sasa kuna kitu wanakiita limited edition, yaani toleo la idadi maalumu. Anaamua mapema atachapa ngapi, tuseme thelathini, basi. Kila moja anaiandika namba chini kwa penseli: 1/30, 2/30, mpaka mwisho, na anatia sahihi. Anayenunua ananunua na ahadi kwamba ya thelathini na moja haitakuwepo duniani.

Mimi wakati huo sikujua hata nusu ya haya. Nilijua tu kwamba chumba cha mbele kimejaa karatasi zinazoning'inia na mke wangu ana wino mpaka kwenye nyusi.

Mashine yake ilitengenezwa na fundi seremala wa Gare, tumuite Amani Petro. Alitumia mbao ngumu na jeki ya gari, akapiga hesabu zake mpaka ikakaa sawa. Ndiye pia aliyekuwa anamtengenezea fremu na kumnolea patasi. Kijana mtulivu, Mlutheri, ana mke na watoto, ana mikono mikubwa.

Mwanzoni nilimpenda tu. Stuli mbili za sebuleni kwangu ni kazi yake. Ukizigeuza chini utakuta amechoma kwa chuma cha moto herufi zake: A.P. Kila kitu anachotengeneza anakitia hiyo alama.

Wakuu, wivu haukuja siku moja. Ulikuja kidogo kidogo.

Narudi nyumbani, nawakuta wameinamia karatasi. "Wino umekaa mzito hapa pembeni." "Ongeza karatasi ya kukazia chini." "Hapana, jeki imelala upande." Wanaongea, wanaelewana. Mimi nasimama mlangoni na funguo za gari mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikisalimia, wanaitikia vizuri tu. Amani ananiamkia kwa heshima, tunasalimiana Kishambaa, ananiuliza bei za Mombo. Halafu wanarudi kwenye karatasi yao.

Siku moja nimekaa nakula, mama Sauda akainua picha dirishani kwenye mwanga, akaiangalia weee, akatabasamu. Akasema, "Amani angeiona hii."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nikaendelea na ugali wangu, lakini ulikuwa hauna ladha tena.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kupeleleza. Nahesabu Amani amekuja mara ngapi. Natoka Mombo mapema bila sababu. Nanusa vikombe kujua nani amekunywa chai. Nacheka nikiandika hivi, lakini wakati ule sikuwa nacheka.

Basi ikaja oda kubwa. Nyumba moja ya wageni, kule ukingoni mwa milima ambako ukisimama unaiona Mazinde chini kabisa, ilitaka picha thelathini, moja kila chumba. Wenyewe walimwachia achague cha kuchora.

Mama Sauda alichonga karibu mwezi mzima. Kila nikiuliza anachonga nini, anasema, "Subiri utaiona." Mimi nilikuwa natoka na kurudi. Sikufuatilia.

Alipoanza kuchapa ndipo ukatokea msiba Bumbuli, kwa shangazi yake. Akaenda, Sauda akaenda naye. Siku hiyo sikushuka Mombo, mvua ilikuwa imeharibu njia. Nikabaki peke yangu na nyumba.

Mchana hivi nilikuwa natafuta kadi ya gari kwenye sanduku la chini ya kitanda, tunapoweka vyeti. Juu ya vyeti nikakuta kitu kimefungwa kwenye kanga. Nikafungua.

Karatasi tatu, picha moja. Mwanaume ameinama kwenye meza ya useremala anapiga randa, maranda yanaanguka chini yamejikunja. Sura inaonekana upande, na ilikuwa ya Amani. Mikono ile ile. Hata kovu la kidole gumba lipo.

Na picha ilikuwa imechongwa kwa upole fulani, wakuu, siwezi kueleza. Kila msuli wa ule mkono. Mtu hawezi kuchonga hivyo kitu ambacho hajakiangalia muda mrefu sana.

Chini kulia, sahihi ya mke wangu. Chini kushoto, kwa penseli: A/P.

Nikaenda chumba cha mbele. Mezani kulikuwa na picha hiyo hiyo, nakala kumi na mbili zilizokauka. Nikaangalia kona ya kushoto. 1/30. 2/30. 3/30. Zote namba. Kumbe za wateja zina namba, na hizi tatu zilizofichwa chini ya kitanda changu, ndani ya kanga, zina jina lake.

Nilikwenda mpaka sebuleni nikageuza stuli. A.P. Nikasema basi, imekwisha.

Ile lino ilikuwa pale pale kwenye mashine. Nikachukua patasi pana, tena iliyonolewa na huyo huyo Amani, nikaikata kutoka kona hii mpaka kona ile. Halafu kona nyingine. Msalaba mkubwa juu ya uso wake.

Nilisikia raha, nisidanganye. Kama dakika mbili hivi.

Walirudi alasiri ya siku iliyofuata. Sauda akakimbilia kwa jirani. Mama Sauda aliingia bado amejifunga kanga za msibani, akanikuta nimekaa na zile karatasi tatu mapajani.

Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Amani," akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Na haya maandishi hapa chini?"

"A/P."

"Kwa hiyo hufichi hata kidogo?"

Akaniangalia. Akaangalia karatasi. Akaangalia stuli iliyopinduliwa miguu juu. Ndipo akaelewa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Sauda, hiyo ni artist's proof. Nakala ya mchoraji. Zile za kwanza za kujaribia wino. Haziuzwi, haziingii kwenye thelathini. Dunia nzima wachoraji wanaandika hivyo."

"Na kwa nini umezificha?"

"Sikuzificha. Ukungu unaharibu karatasi, hapo chini ya kitanda ndipo pakavu peke yake nyumba hii."

Akavuta sanduku, akatoa faili lililokuwa chini ya vyeti, ambalo mimi sikulifungua. Akanitolea moja moja. Kinyonga mwenye pembe: A/P. Maua ya msituni: A/P. Msikiti wa kwetu: A/P. Mama yake akichambua maharage: A/P.

Wakuu, nilitamani sakafu inimeze.

Nikamwambia, "Mama Sauda, usiende kwanza chumba cha mbele."

Kicheko kikakatika. Akainuka, akaenda. Nilisikia hatua zake zikisimama. Nilipomfuata alikuwa anapitisha kidole kwenye ule mkato wa msalaba, taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Unajua," akasema, "hivi ndivyo tunavyofanya tukimaliza. Tunaikata lino ili mtu asichape nyingine tena. Ndiyo heshima ya kazi."

Akaondoa kidole.

"Ila mimi nilikuwa sijamaliza."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona mapema.

Nikaanza kujitetea kijinga. Nikasema achonge upya. Akasema akichonga upya itakuwa picha nyingine, mkono haurudii. Na hizo kumi na mbili zimeshachapwa, haziwezi kuwa ndugu na kitu kingine.

Halafu mimi, badala ya kuomba msamaha, nikatoa kile kilichokuwa kinaniuma kweli. Nikasema, "Miaka tisa tuko pamoja. Mama yako umemchora. Kinyonga umemchora. Amani umemchora mpaka kovu la kidole. Mimi je? Mbona hujawahi kunichora?"

Akajibu bila hasira kabisa, na ndiyo maana naikumbuka:

"Amani nilimuomba, akakubali, akakaa asubuhi mbili nikamwangalia akifanya kazi. Wewe hukai, baba Sauda. Unaingia, unauliza chakula, unatoka. Nitakuchora mgongo?"

Nilienda kuisimamisha ile stuli.

Kesho yake alichukua raba, akafuta ile thelathini kwenye picha zote kumi na mbili, akaandika kumi na mbili. 1/12, 2/12, 3/12. Nilikuwa nasikia ule mkwaruzo wa raba nikiwa jikoni.

Wenye nyumba ya wageni walipoambiwa ziko kumi na mbili tu, waliachana na oda. Walitaka kila chumba kiwe nayo. Wakanunua picha za kiwandani.

Na akanipa sharti moja tu: "Nenda kamwambie Amani mwenyewe, kwa mdomo wako. Ataniuliza kwa nini sihitaji fremu na mimi sitamdanganya."

Nilikwenda Gare kwa miguu ili nichelewe kufika. Nikamkuta anapiga randa. Nikamueleza yote, na sura yake nilivyoikata. Aliweka randa chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaka," akasema, "mimi ndani nina mke na mama mzee. Neno kama hilo likitoka kwako likafika kanisani, mimi nitalifuta na nini?"

Nikamwambia sijamwambia mtu yeyote. Akasema anaamini. Akasema mashine abaki nayo mama Sauda, ni yake. Lakini fremu hatatengeneza tena, na nyumbani kwetu hatakuja tena. "Si kwa hasira," akaongeza. "Ni kwa ajili ya usalama wangu."

Mpaka leo hajaja. Tukikutana sokoni ananiamkia vile vile kwa heshima, na inaniuma zaidi kuliko angenitukana.

Zile kumi na mbili ziliuzwa moja moja. Siku ya maonyesho madogo pale mjini nilikuwepo, nimebeba boksi. Mama mmoja mgeni akauliza kwa nini namba ni kumi na mbili, mbona ndogo hivyo.

Mama Sauda akasema, "Lino iliharibika."

Basi. Hakuniangalia. Yule mama akaitikia, akalipa, akaenda na picha yake. Mimi nimesimama pale na boksi, natamani angesema ni mume wangu huyu hapa ndiye aliyeharibu. Hakusema.

Siku hizi Ijumaa nikitoka msikitini sishuki popote. Nakaa chumba cha mbele. Napiga jeki, natundika karatasi, nimejifunza kushika kwa pembeni nisiache alama ya kidole. Mara nyingi nakaa tu. Hajanichora, na sijamuuliza tena. Kuna siku nimemwona ananiangalia muda mrefu kidogo, penseli mkononi, halafu akaendelea na kazi yake.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani namwonea wivu Amani. Kumbe nilikuwa naonea wivu yale macho ya mke wangu anapofanya kazi, jinsi anavyotazama kitu mpaka anakijua. Niliyataka macho hayo, lakini sikuwahi kukaa mbele yake yakanipata. Na kabla hujashika patasi, uliza. Swali moja lingetosha.

Mliooana na wachoraji, mafundi cherehani, waandishi, watu wa kazi za kujifungia chumbani, mnaishi nao vipi? Na kuhusu Amani: nirudi tena kwake, au nimwache mtu wa watu apumzike? Wenye kunisema nisemeni tu, nimekaa nawasoma.