Mchapaji Aliyeshuku Maneno

Shitanda hakuwa mtu wa kuamini. Kwa miaka ishirini na mitatu alichapia watu barua na taarifa katika kibanda chake mjini Kakamega, na hata mteja akisema jua limewaka, alichungulia nje kwanza. Alichoshuku zaidi ya watu ni maneno ya Kiingereza, hasa yale ya kutenda. Alikuwa na kamusi kuukuu yenye asili ya maneno, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na wateja wakitaka wasitake aliwasomea.

"Make, yaani kutengeneza, halina ubaya," alisema. "Inasemekana zamani lilikuwa kukanda, kama udongo wa kukandika nyumba. Mkono unaonekana. Cause limetoka Kilatini, na huko lilikuwa pia jina la kesi. Fabricate nalo lilikuwa kazi ya fundi wa heshima, saa hii ni ya waongo. Hilo siliaminingi."

Kipenzi chake kilikuwa occasion, yaani kusababisha, kwa kuwa asili yake ina kuanguka ndani: jambo limekuangukia tu, mkono hauonekani. Mchapaji mwingine aliyelitumia kwa taarifa za makosa hakumjua, naye alilionea fahari.

Jina la mteja hakuuliza kamwe. Aliacha nukta, mwenyewe ajaze. Asiyejua jina, alisema, hana la kujibu akiulizwa.

Ijumaa asubuhi dada yake Sellah, mpishi wa hoteli moja huko Amalemba, aliingia macho mekundu. Stoo ya hoteli iliungua jana yake. Tajiri wake, Onesmus, alikuwa amempa karatasi ya Kiingereza atie sahihi kabla ya saa sita, eti ni ya bima tu.

"Baba Tyson, kaka yangu, nisomee. Huyu mtu ananiharakisha sana."

Shitanda alisoma mstari wa kwanza, akaruka kitini. "Usitie! Hapa unakiri moto ni wako. Utafungwa!"

Akaendelea kusoma, na katikati ya ukurasa akakuta occasioned. Aliwasha kompyuta, akatafuta, akaipata: karatasi ile ile, neno kwa neno, yenye nukta mahali pa jina na mahali pa tarehe. Alikuwa ameletewa kazi hiyo na mwanamume wa suti ya kijivu, akaambiwa aache nafasi mbili, naye akaacha.

"Tajiri wako huvaa suti ya kijivu?"

"Kila siku."

"Stoo iliungua Alhamisi, siyo?"

"Si nimekwambia jana?"

"Hii niliichapa Jumanne."

"Wewe unashukunga kila kitu. Na hukumuuliza ni moto gani?"

"Sikuuliza," alisema Shitanda. Siku ile alikuwa amefurahi tu kupata mahali pa kuliweka neno lake.

Alichapisha ukurasa wa Jumanne pamoja na tarehe iliyohifadhiwa na kompyuta, wa kupeleka polisi. Kisha akaanza taarifa yake mwenyewe. Safari hii hakuacha nukta. Aliandika jina lake lote, na baada yake: I made that paper. Akatia sahihi.