Ufunuo wa Karakana ya Nangara

Nusu ya mageti ya Babati ni yangu. Sijisifu, nenda ukatazame. Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, maofisa walimiminika kujenga. Kila aliyejenga aliogopa wezi, na kila aliyeogopa wezi alikuja kwangu Nangara nimchomelee geti. Nina darasa la nne tu, lakini waliomaliza vyuo wamenisubiri kwenye benchi mpaka nimalize kula. Kila geti nalitia alama yangu katikati: kiboko wa ziwani, wa bati. Haji mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jirani yangu, alilirudisha lake akidai kiboko anafanana na nguruwe. Nikampunguza masikio, akalichukua.

Mwaka ninaousema, binti yangu mkubwa alikuwa amemaliza uuguzi na amepata mchumba, mwalimu wa sekondari pale Maisaka. Kijana safi, hanywi, anaamkia watu. Nikauliza ukoo. Nikaambiwa ni wa wafua chuma. Nikasema hapana, na nisilisikie tena.

Niseme kwa nini, maana vijana wa sasa hawajui. Huko kwetu milimani nilikozaliwa, ukoo wa wafua chuma ulikuwa hauoi nje wala hauolewi nje. Jembe lao utanunua, mkuki wao utanunua, lakini kwao huli, hunywi, na binti huwapi. Ilisemwa wana laana, na ng'ombe wa atakayechanganya damu nao watatupa mimba. Nani aliwalaani, kwa kosa gani, hakuna aliyejua. Laana ikishakuwa ya zamani haidaiwi cheti cha kuzaliwa.

"Lakini Baba," binti akasema, "wewe mwenyewe kutwa unachoma chuma."

"Mimi nachoma kwa umeme," nikamjibu. "Laana iko kwenye mkaa."

Akaacha kula mezani na mimi. Akasema mwisho wa mwezi anaripoti kazini Kiteto, na kama sijakubali, nisimtarajie tena nyumbani, hata sikukuu. Alinirithi mimi yule. Akisema amesema.

Ndani ya mwezi huo huo wakaja Wamormoni wawili, Mmarekani mweupe na Mkenya, mashati meupe, tai mpaka kwenye vumbi la karakana. Walikuwa wamepanga nyumba ya kusalia, wanataka grili za madirisha. Kila mmoja ana miaka kama ishirini, na kila mmoja anaitwa Mzee. Kibandiko cha kifuani kinasema hivyo. Shikamoo sikuwapa, kila mtu ana mpaka wake. Nikawapa chai. Wakakataa. Dini yao hairuhusu chai! Nikaumia, lakini nikavumilia, kwa sababu walisema jambo moja tamu: kwao kila mwanamume mwenye mwenendo mwema hupewa ukuhani, hata fundi, hata asiye na cheti.

Kuhani! Mimi nimeona mapadri wanasoma mpaka nywele zinaisha. Mimi na darasa langu la nne ningeupata na karakana yangu ikiwa wazi. Siku ile ile nikaanza kuwatangazia watu. Mama watoto akaniuliza kama kuhani atakuwa anaoga kabla ya kula au baada.

Haji ndiye aliyenitobolea siri. Alikuwa amesoma kwenye simu yake. "Fundi, wamekuambia yote? Hawa zaidi ya miaka mia walikuwa hawampi ukuhani mtu mweusi. Jina lako lisingefika hata kwenye orodha."

Walipokuja kuangalia grili zao nikafunga geti la karakana, watu wote ndani: mafundi wangu, Haji, na binti yangu aliyekuwa ameniletea chakula, kwa amri ya mama yake, siyo kwa mapenzi.

"Ni kweli mlitunyima?"

Mmarekani akawa mwekundu kama chuma kilichoiva. Lakini hakudanganya, namsifu. "Ni kweli, Ndugu. Mpaka mwaka sabini na nane."

"Kwa sababu gani?"

Wengine katika viongozi wao wa zamani, akasema, walifundisha kwamba watu weusi ni uzao wa Kaini aliyelaaniwa. Wengine walisema kabla ya kuzaliwa kulikuwa na vita mbinguni, na sisi hatukupigana kwa nguvu.

"Mimi?" nikapiga kelele. "Mimi nililegea? Muulize mtu yeyote Babati kama nimewahi kulegea!"

"Hajawahi," Haji akasema. "Hata kwenye ubwabwa."

"Na wewe," nikamgeukia Mkenya, "mweusi mwenzangu, umo humo?"

"Mzee wangu, mimi nimezaliwa wameshabadilisha."

Nikauliza walibadilishaje. Mmarekani akasema nabii wao alipata ufunuo, na siku hizi kanisa linayakana maelezo yale yote. Sabini na nane! Mwaka ule vita ya Kagera inaanza, mimi niko porini na ng'ombe wa babu, kumbe huko Marekani ndiyo ninafunguliwa. Hapo nikamtupia swali ambalo najivunia mpaka leo:

"Na hiyo zamani, ilikuwa kweli au uongo? Kama kweli, mbona mmeiacha? Kama uongo, waliokufa wakisubiri mtawaambia nini?"

Mzee wa miaka ishirini akatazama viatu vyake. "Sijui, Ndugu," akasema. "Mimi sijui."

Mafundi wakanipigia makofi. Nikapanda juu ya kreti ya soda. Nikawaambia, mtu gani mwenye akili anamlaani mwenzake kwa damu? Kwa kosa la babu wa babu ambalo hata babu halijui? Mtu ni kazi yake! Chuma kizuri hakiulizwi kimechimbwa wapi!

Binti akaweka hotipoti chini, taratibu.

"Baba," akasema, "na ufunuo wako unakuja lini?"

Haji alicheka mpaka akaegemea geti lenye rangi mbichi. Kanzu yake ina mistari ya kijani mpaka leo. Mimi nilibaki juu ya kreti, nimeshika futi kamba, na hakuna cha kupima.

Sasa niseme jambo ambalo Babati hailijui. Siku zote nasema sikufundishwa na mtu. Si kweli. Nilipoacha shule, misimu miwili nilikuwa navuta mivukuto kwa mfua chuma mmoja, na huyo ndiye baba wa yule mwalimu. Alinifundisha kujua chuma kimeiva kwa kutazama rangi tu. Maji nilikuwa nakuja nayo kwenye kibuyu changu, nakunywa nimesimama nje ya ua wake. Aliona kila siku. Na kesho yake alinifundisha tena.

Grili za Wamormoni niliwatengenezea, tena vizuri. Ukuhani niliuacha. Watu nawaambia ni kwa ajili ya yale ya zamani, ila mama watoto anajua ni chai.

Jumapili tukapanda milimani, mimi na mama watoto. Ndugu zangu wakanisimamisha njiani, nani amenipa ruhusa?

"Nimepata ufunuo."

"Wapi?"

"Nangara."

"Na ng'ombe wakitupa mimba?"

"Sina ng'ombe. Nina mageti."

Mfua chuma alikuwa amezeeka, mikono ile ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na kibuyu chako?"

"Hapana, mzee."

Chai ikaletwa. Nikanywa ikiwa bado inachemka, ulimi ukaungua, nikanywa tena. Kisha nikajikohoza, nikamwambia kwamba lile jambo la zamani kuhusu ukoo wake, sisi tumeliacha, vijana waoane.

"Mmeliacha. Vizuri," akasema. "Na hiyo zamani, lilikuwa kweli au uongo?"

Mimi niliyeinyamazisha Marekani! Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile.

"Sijui, mzee."

Akaniangalia kama anavyoangalia chuma. Halafu akamwita mkewe aongeze chai.

Geti la nyumba ya vijana pale Maisaka nimelitengeneza mimi, lakini halina kiboko. Katikati kuna ua la chuma alilolifua mzee yule kwa mkaa wake. Watu wakipita wanalisifia hilo ua, wananipa hongera mimi, na mimi nawaambia ni la nani. Mara nyingi nawaambia.