Msalaba wa Chaki Kwenye Kitako cha Chupa

Kipande cha kioo kisichozidi upana wa kiganja kiliwekwa juu ya meza ya kikao, mbele ya watu watano waliovaa suti, na kwa kipande hicho mtu akanyimwa haki ya jicho lake. Kilikuwa kitako cha chupa. Juu yake palikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa chaki, na aliyeichora alikuwa ameketi mwisho wa meza hiyo hiyo, bandeji imemfunika jicho la kushoto. Mwenyekiti wa kikao, ambaye pia ndiye meneja wa kiwanda, aliuliza maswali mawili.

"Alama hii ni yako?"

"Ni yangu, bosi."

"Ina maana gani?"

"Kwamba chupa hii ni nyepesi kuliko inavyotakiwa. Inaweza kupasuka."

"Kwa hiyo ulijua."

Kikao kikaandika kwamba mfanyakazi aliifahamu hatari, akaishika chupa kwa hiari yake, na hivyo kiwanda hakidaiwi fidia. Shughuli nzima haikufika nusu saa. Kisha chai ikaletwa.

Wenzake humwita Mzee Robo. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kugeuza chupa za mvinyo wa povu katika ghala lililochimbwa chini ya kiwanda, mahali pasipo dirisha, penye baridi ya mwaka mzima na harufu ya hamira. Wanaokunywa mvinyo huo harusini hawana habari kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Mvinyo wa kawaida ukishaiva huuzwa. Huu hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, hufungwa, kisha hulazwa miaka miwili. Hamira hula sukari na kutoa gesi, nayo gesi, kwa kukosa pa kutokea, hujibana ndani ya mvinyo na kuwa povu. Msukumo wake hupita mara mbili ule wa upepo ulio ndani ya tairi la gari. Hamira ikifa huacha mashapo, na mashapo hayo sharti yateremke hadi shingoni ili yaondolewe. Hapo ndipo mikono ya Robo ilipohitajika. Chupa huchomekwa shingo kwenye mbao zenye matundu, vitako vikimwelekea mgeuzaji, naye kila siku huishika kila moja, huitikisa kidogo, huizungusha robo mzunguko na kuiinamisha zaidi. Chupa mbili kwa mpigo, maelfu kwa siku, kwa muda wa wiki sita. Ukiiruka chupa siku moja, mashapo hugandia ubavuni na kazi yote ya nyuma huharibika. Mgeuzaji wa kweli haruki chupa. Afadhali aruke chakula chake cha mchana.

Sikatai kwamba mvinyo huu ni ghali kuutengeneza. Zabibu zimekwisha kulipiwa, mishahara imelipwa, benki inadai riba, na mali yenyewe ingali imelala gizani miaka miwili bila kuleta hata senti. Meneja mpya alipoajiriwa alitafuta pa kubana. Wakulima wa zabibu hawakushusha bei, serikali haikupunguza kodi, benki haikutaka kumsikia. Akageukia kioo. Chupa ya mvinyo wa povu lazima iwe nene na nzito. Yeye akaagiza zilizopungua gramu mia moja kila moja, zenye bei nafuu na zisizolemea gari la mizigo. Wakurugenzi wakampongeza kwa barua.

Barakoa za waya nazo zikaondolewa. Zamani kila mgeuzaji alivaa moja, nzito na yenye kutu, lakini ililinda uso. Sasa kiwanda kilikuwa kimeanza kupokea wageni wanaolipa kiingilio ili watembezwe ghalani na kuonjeshwa mvinyo, na meneja akaona barakoa zinawatia hofu.

"Mteja akimkuta mtu amevaa kama anakwenda vitani," alisema, "atatoa pochi au atakimbia?"

Wafanyakazi walicheka, maana bosi alikuwa anacheka. Barakoa zikauzwa kama vyuma chakavu.

Chupa nyepesi zilipofika ubaoni, Robo alizitambua siku ya kwanza. Alimfuata msimamizi wa ghala, ambaye ni mdogo wa mkewe na ndiye aliyemwombea kazi hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Shemeji, chupa hizi zimekonda."

"Zimekonda? Siku hizi umekuwa dalali wa ng'ombe?"

"Usifanye mzaha. Nyingine zina upande mmoja mwembamba kabisa. Mkono wangu haunidanganyi."

"Mkono wako una cheti cha maabara?"

"Basi niruhusu nizitoe zile mbaya."

Msimamizi akaangalia huku na huko, akashusha sauti. "Kila chupa inayotoka ubaoni kabla ya wakati wake ni hasara, na fomu ya hasara ina sahihi yangu. Unataka nifukuzwe? Wewe zitie alama tu. Nitamleta bosi azione mwenyewe."

Robo akanunua chaki kwa fedha yake. Kwa siku kumi na moja alichora misalaba, na kila msalaba ulimtahadharisha pia mwenzake atakayepita baadaye. Meneja hakushuka. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo ni mgeuzaji pekee angelifanya: hakuweza kuziruka. Alizigeuza zenye alama mwisho, baada ya nyingine zote, uso ameupinda pembeni na kola ya koti ameipandisha mpaka shavuni. Siku ya kumi na mbili, kabla ya mapumziko ya saa nne, moja ilipasuka mkononi mwake, ikafuatwa na tatu za jirani. Waliomsaidia kupanda ngazi wanasema hakulia. Aliuliza kama safu imekwisha.

Hospitali ilimrudisha nyumbani na jicho moja. Nyumba yao ni vyumba viwili, kimoja kikiwa na cherehani ya mkewe, ambaye ni fundi wa nguo. Jioni ya siku ile ya kikao msimamizi alikuja na mfuko wa machungwa. Dada yake hakuacha kushona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Weka hapo chini. Kikaoni ulisema nini?"

"Sikuulizwa."

"Sikuulizi waliuliza nini. Nauliza ulisema nini."

"Dada, nina watoto wanne shuleni."

"Na huyu hapa ana macho mangapi?"

Robo, aliyekuwa kitandani, akamwambia mkewe amwache. "Mama watoto, usimkamie. Na yeye anaogopa."

"Kuogopa si dhambi," mke akajibu. "Lakini alama ile ni agizo lake. Leo imekuwa ushahidi dhidi yako, naye yupo pale anatazama viatu vyake!"

Msimamizi aliondoka bila kuaga. Tangu hapo ndugu hao wawili hawasemeshani.

Robo amerudi kazini, lakini si ubaoni. Kwa jicho moja hawezi kupima umbali. Mara tatu alichomeka shingo ya chupa nje ya tundu. Amepewa ufagio. Anafagia vioo chini ya mbao zilezile kwa nusu ya mshahara, bila barakoa, huku juu yake chupa zenye misalaba yake zingali zimebana gesi. Daktari amemwambia waziwazi kwamba kibanzi kimoja tu katika jicho lililobaki kitamtia gizani moja kwa moja. Mezani kwa karani kuna karatasi inayomtaka akiri kwamba hadai chochote. Asipotia sahihi ifikapo mwisho wa mwezi, hata ufagio atanyang'anywa. Hajatia sahihi. Mkewe amechukua kazi ya kushona sare za shule, na taa ya umeme imeondolewa chumbani na kuhamishiwa kwenye cherehani.

Meneja na wakurugenzi, nawaambia ninyi bila kuzunguka. Mlipunguza kioo, mkajua mmepunguza, kwa maana mliandikiana barua za pongezi. Aliyejua hatari na kuionya hawezi kuwa ndiye mwenye hatia. Tengueni uamuzi wenu, mlipeni fidia ya jicho lake, ichaneni karatasi ile. Rudisheni barakoa kwa kila anayeshuka ghalani, na mtoe chupa zile ubaoni, hasara iwe yenu. Afisa wa kazi wa wilaya, ofisi yako ipo mwendo wa dakika kumi tu kutoka lango la kiwanda; shuka ngazi zile wiki hii, uzihesabu alama kwa mkono wako. Na wewe msimamizi, omba kikao kiitishwe upya, usimame mbele yao, useme ni nani aliyemwambia achore.