Keria ya Gari la Mjomba

Fundi wetu wa magari ya zamani haanzi kazi kabla ya kumsema vibaya aliyemtangulia. Huinama, hugonga bati kwa ukucha wa kidole gumba, huguna, kisha huuliza, "Nani huyu aliyelipua kazi hapa?" Jibu hangoji. Hufuta mikono kwa kitambaa cha njano, maana ovaroli zake zote ni za njano na zikichakaa huzichana ziwe vitambaa. Gereji nzima hakuna mwingine mwenye rangi hiyo.

Nilimpelekea gari nililoachiwa na marehemu mjomba, pamoja na picha yake ya ujanani: juu ya buti kuna keria ya chuma, na masanduku mawili yamefungwa kwa mikanda ya ngozi. Nilitaka keria kama ile irudi pale pale. Fundi alikwangua rangi, akakuta matundu manne ya keria ya kwanza yamezibwa kwa puti. "Tazama, mwanangu! Puti imerundikwa kama tope! Huyu alikuwa fundi au mpishi?" Akachokoa tundu la kwanza kwa bisibisi, mdomo haujapumzika. Chini ya puti kikatoka kitambaa. Cha njano.

Alikitazama, akakitia mfukoni. Tundu la pili alilichokoa kimya. La tatu, kimya. Alipomaliza la nne ndipo aliponigeukia.

"Mjomba wako," alisema, "alikuwa na haraka sana yule mtu."